Zamu Yangu ya Kusoma Sura ya Gare

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Nafundisha darasa la nne hapa Musonoi, mtaa wa mgodini Kolwezi. Watoto wanakaa wannewanne kwenye benchi moja, na baruti zikilipuka mgodini madirisha yanatetemeka, nasi tunaendelea na hesabu zetu za kugawanya. Wazazi wananiita mama mkali, na sijawahi kulikataa jina hilo. Kwa hiyo nikisema kuna wiki moja niliogopa riwaya, kitu ambacho mtu amekaa tu akakitunga, watu wananicheka. Wacheke. Niliogopa mpaka nikasingizia ugonjwa.

Kitabu chenyewe sikuwahi kukishika. Nakala ilikuwa moja, ya mzee mstaafu wa reli anayeishi Tenke. Tulimwita Tata wa Tenke, na wengi wetu hatukujua hata sura yake. Ndiye aliyeanzisha groupe letu la simu. Alipiga picha kurasa za sura moja, akamtumia yule ambaye zamu yake imefika, na huyo akaisoma kwa sauti na kututumia odio, vipande vipande, kadiri mega zake za intaneti zilivyoruhusu. Sisi wengine tulisikiliza huku tunafua, tunasonga bukari, au tumepanga foleni ya maji. Tulikuwa watu wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, na wachache waliohamia mbali zaidi.

Groupe lilikuwa na desturi moja. Ukimaliza kusoma sura, unasema "kwangu", yaani kitu kimoja ambacho sura hiyo imekukumbusha kutoka nyumbani kwako. Kifupi au kirefu, mradi kiwe cha kweli. Tata wa Tenke alisema anayesoma bila kutoa kwangu ametusomea gazeti. Na zamu hairukwi. Ukikataa, kitabu kinasimama, wote wanakungoja wewe. Mama mmoja wa Likasi, baada ya sura ya harusi, alitusimulia jinsi alivyokula firigisi ya kuku aliyowekewa baba mkwe wake, akidhani ni mabaki ya kutupiwa mbwa. Tulimcheka wiki nzima, na tangu siku hiyo aliitwa Mama Firigisi, akaitika.

Nyumbani kwetu msikilizaji mkubwa hakuwa mimi. Alikuwa mama. Mama hajui kusoma, lakini kila odio ilipoingia aliacha kazi akasogeza kigoda, na hapo ndipo vurugu ilipoanza, kwa sababu alikuwa akigombana na watu wa kitabuni kama majirani zake. Mume wa kitabuni akikosea, mama anamtukana. Mtoto wa kitabuni akilala njaa, mama anauliza kwani hakuna shangazi. Nilikuwa nikimwambia, mama, nyamaza, tusikie. Ananyamaza sentensi mbili, halafu anaendelea.

Riwaya ilihusu mji wa reli katika nchi isiyotajwa. Siku moja baadhi ya watu wa mji huo wanaambiwa warudi kwao, ingawa wengi wamezaliwa hapohapo. Tulipofika kwenye sehemu hiyo groupe likapoa. Mtu wa Kolwezi hahitaji kuelezwa mambo hayo. Kila mwenye umri wangu aliona nyumba zilivyochomwa, na familia zilizotoka Kasai, mkoa wa jirani, zilivyolala gare, yaani kituo cha reli, wiki kwa wiki zikingojea treni, na masufuria yao, na magodoro, na wagonjwa wao.

Sasa niseme neno ambalo wakati ule lilijulikana na watu wawili tu, mimi na mama. Huyu mama hakunizaa. Wazazi wangu ni watu wa Kasai. Baba alikuwa mfanyakazi wa mgodi, na nyumba yetu ilikuwa ya pili kutoka kwa huyu mama. Nilikuwa na miaka sita walipofukuzwa. Nilivyoambiwa mimi, nilikuwa na surua kali, na gare walikataa kupakia mtoto mgonjwa, basi wazazi wangu wakaniacha mikononi mwa jirani na treni ikaondoka nao. Mama, ambaye ni Mkatoliki kutoka kaskazini mwa Katanga, mjane tayari wakati huo, akawaambia watu mimi ni mtoto wa mdogo wake wa Kasaji, kijiji cha humuhumu Katanga. Tukahamia avenue nyingine. Nikabatizwa upya, jina jipya, kijiji kipya.

Na nikafundishwa woga kama wengine wanavyofundishwa sala. Usiseme neno hata moja la lugha yenu. Usisimame karibu na watu wanaoimba kwa lugha hiyo kanisani. Usiulize habari za treni. Wakikujua watakuchoma, mama alisema, na mimi nitachomwa pamoja na wewe. Baada ya miaka michache lugha ile ilinitoka yote, na woga ukabaki. Hata leo mtu akinisalimu kwa Kiluba cha Kasai sokoni, najifanya sikusikia.

Mwaka ule tuliosoma kitabu, shimo la mgodi lilikuwa limefika karibu kabisa na vyoo vyetu. Nyumba za avenue yetu zilipakwa namba nyekundu, tukaambiwa tutahamishwa. Mara maneno ya zamani yakafufuka. Kwenye mkutano vijana walisimama wakasema viwanja vipya wapewe kwanza bana ba inchi, wenyeji, na bakuyakuya, yaani watu wa kuja, wapande magari warudi kwao. Walipigiwa makofi. Mimi pia nilipiga makofi. Nilikuwa nimekaa katikati ya watu na mikono yangu ilipiga yenyewe.

Chef d'avenue, mkuu wa mtaa wetu, akaanza kuandikisha watu. Karani wake alipita nyumba kwa nyumba na daftari, akiuliza kila mwenye nyumba kijiji cha baba na jina la mfalme, yaani chifu, wa huko. Na karani huyo nilikuwa namjua vizuri mno: tulisoma sekondari darasa moja, ndiye aliyeniingiza kwenye groupe, na ndiye aliyekuwa na sauti nzuri kuliko sisi sote. Akisoma yeye, hata mama alinyamaza. Asubuhi aliandika vijiji vya watu, jioni, zamu yake ikifika, alitusomea riwaya. Nyumbani kwetu alikuwa hajafika na daftari.

Hapo ndipo Tata wa Tenke aliponitumia picha za kurasa, na ujumbe: Mwalimu, zamu yako, sura ya gare.

Niliisoma kimya kwanza, darasani, watoto walipokwisha kutoka. Mwanamke amesimama kwenye gare na mtoto mwenye homa mgongoni. Treni inakaribia. Mwanamke mwingine, jirani, anatokea katika umati, ananyoosha mikono, anasema nipe, nitamtunza. Mama wa mtoto anampa, anapanda, treni inaondoka. Basi, ndiyo sura yote. Niliweka simu kifudifudi juu ya meza. Nilijiuliza nani amenisema. Nilianza kuhesabu watu wa groupe mmoja mmoja, nikitafuta ni yupi aliyejua na kumwambia yule mzee anipe mimi sura hii na si mwingine. Zamu zilifuatana kwa utaratibu, nilijua hivyo, lakini mwenye woga haelewi utaratibu.

Nilikaa siku mbili. Nilisingizia kikohozi. Siku ya tatu karani mwenyewe akaandika mbele ya wote: Mwalimu, tunakusubiri. Niliona kwamba nikikataa sura hii hasa, watu watauliza kwa nini, na mtu akianza kuuliza kwa nini hapa kwetu, hakomei njiani. Afadhali nisome upesi kama mtu anayesoma tangazo.

Nilisoma alasiri, chumbani, mlango umerudishwa. Nilimwomba mama akae nje. Alikataa. Alisema atanyamaza, akakaa chini na beseni lake la matembele, akaendelea kuyachambua. Nikabonyeza, nikaanza. Nilisoma kwa sauti ya juu, ile ya darasani, ili isitetemeke. Nilipofika mahali mwanamke anapompa jirani mtoto, jambo nisilolitaka likanijia: kumbukumbu yangu moja tu iliyo wazi ya siku zile. Niko chini ya kitanda cha mama. Kiganja chake kimeniziba mdomo, kinanuka kitunguu. Nje watu wanapiga mlango, wanapiga na kupiga, na mama ananiambia sikioni ni wale vijana, wamekuja kuwatafuta waliobaki. Hakuna siku nimewahi kuogopa kama siku ile. Basi niliisoma sura nikiwa chini ya kitanda kile, sauti inasoma, mwili uko huko. Sikusikia kitu kingine chochote.

Kwenye kwangu, nilidanganya. Nilisema mimi ni mtoto wa Kasaji, na utotoni niliona treni zinapita watu wamekaa mpaka juu ya mabehewa, na tuliwapungia mikono. Nikatuma bila kujisikiliza. Nilisema asante Mungu, yamekwisha.

Hayakwisha. Haikupita saa moja Tata wa Tenke akaandika kwenye groupe, mbele ya macho ya wote. Alishukuru. Alisema nimesoma haraka kidogo. Halafu akauliza: mama anayesema nyuma yako, hapo treni inapoondoka, ni nani? Alikuwa amemsikiliza mara tatu, na angependa kujua habari ya huyo mtoto.

Nilichukua simu nikaenda nyuma ya nyumba, upande wa shimo, nikaiweka sikioni. Nikajisikia nasoma, sauti ya mwalimu kabisa. Na chini yake, polepole, kama mtu anayejisemea, sauti ya mama: "Uyu wa mu kitabu alienda. Ule alirudi. Na mutoto hakukuwa tena mugonjwa."

Nilirudia. Nikarudia tena. Mara ya kwanza niliogopa karani tu: amesikia, amejua, kesho vijana wako mlangoni. Mara ya pili nikaanza kuelewa maneno yenyewe, na woga ule wa kwanza ukawa mdogo. Ule alirudi. Nani alirudi?

Niliwaandikia kwamba mama ni mzee, alikuwa anazungumzia mtoto wa jirani. Nilitaka kuifuta odio, lakini ilikuwa imeshasikilizwa na watu wengi. Mara karani akaniandikia mimi peke yangu: "Mwalimu, kesho nyuma ya masomo nitapita kwako."

Nilirudi ndani. Mama alikuwa ameshainjika sufuria kwenye mbabula ya makaa, anakoroga, hanitazami. Nilimsikilizisha sauti yake. Aliisikiliza yote, akaweka mwiko chini.

"Bale balipiga mulango," nikamwuliza, "balikuwa banani?"

Matembele yakaanza kushika chini ya sufuria na hakuna aliyeinuka.

"Haikuwa bale vijana," akasema. "Ilikuwa mama yako."

Alinieleza bila kulia, na mimi pia sikulia, nilikuwa nimeshikilia mguu wa meza. Surua ilikuwa imepona. Treni ilichelewa, walikaa gare muda mrefu, na mama yangu alirudi kwa miguu kutoka gare, akipita katika avenue zile zile walikokuwa wanawatafuta watu wake, kuja kunichukua. Mara ya kwanza huyu mama alimwambia mtoto angali mgonjwa, amelala, arudi baada ya siku tatu. Alirudi baada ya siku tatu. Mara hiyo mama alifunga mlango, akaniingiza chini ya kitanda.

Nilimwuliza kwa nini. Alisema huko gare watoto walikuwa wanakufa kila siku, aliona kwa macho yake wanavyobebwa. Ilikuwa kweli, kila mtu hapa anajua ni kweli. Halafu akasema alikuwa amezika wawili wa kwake, na mimi nilikuwa nimelala mgongoni kwake wiki nyingi, na usiku mmoja wa homa nilimwita mama. Hiyo nayo ilikuwa kweli. Sijui ni ipi kati ya hizo iliyofunga mlango, na nadhani hata yeye hajui.

"Na ule woga," nikasema, "nisiseme lugha, nisiulize treni. Ulikuwa wa kunikinga, ao wa kunifunga?"

"Yote," akasema mama.

Nilimchukia. Niseme wazi, maana nimechoka kusema mambo nusu nusu: jioni ile nilimchukia mwanamke aliyenipa kila kitu nilicho nacho. Na papo hapo nilimhurumia, na papo hapo niliogopa kesho. Sikujua moyo wa mtu mmoja una nafasi ya vitu vyote hivyo. Nilizima simu ili groupe lisinione.

Kesho yake nilifundisha vibaya. Niliwapa watoto zoezi lile lile mara mbili, wakalifanya kimya, walimwogopa mama mkali. Nilipotoka nilifikiria kutoroka: kuna pikipiki za Kasaji kila saa. Nikacheka peke yangu njiani. Nikimbilie Kasaji, kijiji changu cha uongo, ambako simjui mtu hata mmoja!

Karani alikuwa ameshafika. Mama alikuwa amempa kiti na maji, na wote wawili wamekaa kama wafiwa. Daftari lilikuwa juu ya goti lake, limefungwa. Nilisalimu. Alisema hajaja na vijana, nisiangalie nyuma yake. Alisema amesikiliza odio usiku, na Tata wa Tenke amemwandikia pia, anasema hatatuma kurasa nyingine mpaka mwalimu atoe kwangu ya kweli. Ile ya kwanza, mzee amesema, ilikuwa ya gazeti.

Halafu akafungua daftari. Mstari wa nyumba yetu ulikuwa mtupu. Alisema orodha itapelekwa kwa chef Jumamosi, na yeye hawezi kuacha mstari wazi, lakini anaweza kuandika Kasaji sasa hivi na hakuna atakayeuliza. Ni mimi wa kuchagua. Alitoa kalamu mfukoni, akanitazama, si kwa ukali.

"Niandike," akauliza, "ao nisikie tu?"

Nilimwelewa. Kusikia tu ni mambo ya groupe, ya watu wanaopenda riwaya. Kuandika ni mambo ya chef, ya viwanja, ya wale vijana waliopigiwa makofi, na mimi miongoni mwa waliopiga. Ningeweza kusema sikia tu. Mtu mwenye akili angesema hivyo. Nilimwangalia mama. Alikuwa ametazama chini, kwenye vidole vyake, na niliona kwamba anaogopa kuliko mimi. Nadhani alikuwa akiogopa hivyo tangu nilipokuwa na miaka sita.

Nikawaza juu ya mwanamke anayetoka gare kwa miguu mara mbili.

"Andika," nikasema. "Mimi ni mtu wa Kasai."

Karani hakushtuka. Aliinamisha kichwa, akaandika neno moja, akaniuliza kama anavyowauliza watu wote: kijiji cha baba?

Sikukijua. Katika miaka yote hiyo nilikuwa nimejifunza kukificha kitu nisichokijua. Nilisema sikijui mbele ya wote wawili, nikaona aibu, na nilikuwa karibu kumwambia aandike Kasaji tu, tuyaache.

Mama ndiye aliyesema. Alitaja kijiji bila kutafuta, na mto ulio karibu, na mfalme, na jina la baba yangu lote, kama mtu anayelisema kila siku. Halafu, bila kuulizwa, akataja na jina la mama yangu. Karani akaandika yote. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango, na hilo la mwisho nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza.